"Mama, zinavunjika zenyewe"

Penseli zilikuwa zimetawanyika juu ya meza pamoja na maganda yake ya kuchonga. Boksi lilikuwa la penseli 12 za rangi, limenunuliwa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na nusu ya penseli hizo zilikuwa zimebaki fupi kama kidole gumba cha mtoto mwenyewe.

Mama alikuwa ametoka shambani, miguu ina matope na mgongo unauma. Usangi huko juu, katika Milima ya Upare ya Kaskazini, shamba haliko nyuma ya nyumba kila mara. Linapandiwa na kushukiwa, na mkungu wa ndizi hauji nyumbani wenyewe. Alipoiona ile meza, uchovu wote ukageuka hasira.

"Hivi ndivyo unavyotumia vitu? Siku tatu tu?"

"Mama, zinavunjika zenyewe."

Hakuna mzazi ambaye hajawahi kusikia jibu hilo. Kikombe kilianguka chenyewe. Daftari lilipotea lenyewe. Mama akamchapa viboko viwili vya mguuni, akakusanya penseli zote, akaziweka juu ya kabati. Akamwambia kijana wake wa darasa la nne kwamba hatachora tena mpaka ajifunze kutunza vitu vya watu.

Mtoto hakulia sana. Alikwenda kukaa kizingitini, akaanza kuchora ardhini kwa kijiti.

Zilivyonunuliwa

Penseli zile zilinunuliwa siku ya soko. Mwalimu alikuwa ameagiza vifaa kwa ajili ya somo la Sanaa na Michezo, ambalo limo katika mtaala mpya wa shule za msingi: karatasi ya manila, gundi na penseli za rangi. Duka la vifaa vya sanaa halipo Usangi. Kuna duka la vifaa vya shule, ambalo pia linatoa fotokopi, na siku za soko kuna wauzaji wanaotandika bidhaa zao chini, penseli zikikaa pamoja na vibiriti, nyembe na soksi.

Dukani boksi la penseli 12 lilikuwa shilingi 3,500. Kwa muuzaji wa chini lilikuwa 1,500. Mama alifanya hesabu ambayo kila mzazi angeifanya: ile 2,000 inayobaki ni mafuta ya kula na sabuni. Akachukua la 1,500.

Wakati anatoa hela, mtoto alimvuta kitenge. "Mama, tujaribu moja kwanza?"

Watu walikuwa wengi, muuzaji ana haraka, na nyuma kuna mtu anasukuma. Mama akamjibu kwa sauti ya chini, "Acha kuniaibisha mbele za watu." Wakaondoka. Neno hilo alilisahau kabla hawajafika kwenye nyanya.

Siku peni ilipoisha wino

Jumapili jioni mnunuzi wa ndizi alipiga simu. Gari linapanda kesho asubuhi, anataka kujua ana mikungu mingapi na bei gani. Mama akachukua daftari lake la hesabu, na peni ikawa imeisha wino. Akanyoosha mkono juu ya kabati, akatoa penseli nyeusi kutoka kwenye lile boksi.

Ilikuwa haina ncha. Akachukua wembe, akaichonga. Ncha ikatokea vizuri, akaiweka kwenye karatasi, ikadondoka kabla hajamaliza kuandika namba ya kwanza. Akachonga tena, taratibu zaidi. Ikadondoka ikiwa bado ndani ya mti. Mara ya tatu aliishika kama mtu anayeshika yai. Kipande kizima kikachomoka, kirefu kama punje ya mchele, kikaanguka kwenye kanga yake.

Akachukua nyekundu. Ikawa vilevile. Akachukua kijani.

Mnunuzi alipiga tena simu, haikupokelewa. Mama alikuwa ameketi, maganda ya penseli mapajani, wembe mkononi. Yeye ni mtu mzima, mkono wake umetulia, na kwa dakika kumi alikuwa amemaliza robo ya penseli bila kuandika hata "mikungu 14". Mtoto wa miaka tisa angefanyaje?

Alimtazama mwanawe, aliyekuwa amelala usingizi chumba cha pili. Hasira yake ya Alhamisi aliikumbuka yote. Akakumbuka na jambo la sokoni: tujaribu moja kwanza. Kumbe mtoto alikuwa amemwonya hata kabla hela haijatoka mkononi.

Mzee wa duka anapasua penseli

Jumatatu baada ya gari la ndizi kuondoka, alimsubiri mtoto atoke shule, wakaenda pamoja kwenye duka la vifaa vya shule. Ni duka dogo, meza mbele, rafu nyuma, kila kitu kiko juu asipofikia mtoto. Mwenye duka ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za nyumbani?"

Mama akaweka lile boksi juu ya meza, akaeleza. Hakutaka kubadilishiwa, maana halikununuliwa pale. Alitaka kujua tu.

Mzee alichukua penseli moja, akaipasua kwa urefu kwa kisu, akaufungua ule mti kama mtu anayefungua ganda la karanga. Ndani kiini cha rangi kilikuwa vipande vitupu, kimoja huku, kingine kule.

Akawaeleza kwamba kiini cha penseli ya rangi si kama cha penseli ya kawaida. Penseli ya kawaida kiini chake kinachomwa kwenye tanuri mpaka kinakuwa kigumu. Cha rangi hutengenezwa kwa rangi na nta, hakichomwi, ndiyo maana ni laini na kinavunjika upesi. Boksi likitupwa, likianguka, au likikaliwa na mizigo mizito garini, kiini hupasuka ndani na nje huoni kitu. Kisha mtoto anachonga, kipande kinatoka, anachonga tena, kinatoka kingine. Anaonekana mharibifu, kumbe anachonga kitu kilichokwisha kuvunjika.

"Hata zangu hupanda mlima huu kutoka Mwanga," mzee alisema. "Barabara unaijua. Kwa hiyo mimi nikipokea mzigo, najaribu mojamoja."

Akawaonyesha namna ya kukagua. Tazama kitako cha penseli: kiini kiwe katikati kabisa. Kikiwa pembeni, upande mmoja wa mti ni mwembamba, na ukichonga kinakatika. Ibingirishe juu ya meza: ikiruka-ruka imepinda, na kiini kilicho ndani kina mkazo. Omba kipande cha karatasi uchore mstari: ikiteleza bila kuacha rangi, ni nta tupu. Na kichongeo kiwe kikali, kwa sababu kichongeo butu huvuta na kupinda ncha badala ya kuikata.

Kisha mzee akafanya jambo ambalo mama hakulitegemea. Aliinama juu ya meza, akamwuliza mtoto mwenyewe, "Wewe bwana mdogo, unachora nini?"

Mtoto hakujibu. Alimtazama kwanza mama yake, kama anayeomba ruhusa.

Mtazamo ule ulimuuma mama kuliko kitu chochote cha wiki ile.

"Mjibu babu," alisema.

"Nachora kwetu," mtoto akasema. "Lakini kijani haitoshi. Ipo moja tu. Mgomba sio kijani ya mbuni. Na msitu wa kule juu ni kijani nyingine."

Mzee alicheka, akageuka kutazama nje ya mlango, kwenye migomba na mibuni inayopanda mpaka kwenye msitu wa Kindoroko. "Kweli kabisa," akasema. "Nimeishi hapa miaka yote na sijawahi kuzihesabu."

Mama alikuwa na shilingi 2,000. Mzee ana boksi moja ambalo huwa analifungua na kuuza penseli mojamoja, shilingi 300 kila moja. Akalishusha, akamwekea mtoto karatasi. Mtoto akajaribu kila moja, polepole, huku wateja wawili wa fotokopi wakisubiri na mama yake akiwaomba wamvumilie. Alichagua sita: kijani mbili, kahawia, nyeusi, nyekundu na bluu. Njano aliiacha.

"Njano si utaihitaji?" mama aliuliza.

"Ipo jikoni," mtoto akajibu. Alimaanisha manjano ya kupikia.

Rangi zilizopo karibu

Mtoto huyo alikuwa amesema jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Manjano ikichanganywa na maji kidogo inapaka. Kahawa nzito inatoa kahawia. Mkaa unatoa nyeusi nzuri kuliko penseli nyingi, na udongo mwekundu wa mlimani ukichujwa na kuchanganywa na gundi ya karatasi unashika kwenye manila.

Hata Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakuanza kwa vifaa vya duka la wasanii. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za kung'aa za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mbao bapa za ujenzi. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora, lakini jina lake likawa jina la mtindo mzima unaojulikana duniani.

Hilo lisimfanye mzazi ampe mtoto rangi za mafuta zilizobaki kwenye ujenzi. Baadhi ya rangi hizo, hasa za zamani, zina madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto, na mvuke wa tina si wa kuvutwa na mtoto ndani ya chumba. Mkaa, udongo na manjano vinatosha kuanzia.

Njiani kurudi

Walipopita kona ambapo bodaboda huegesha, mama alisimama. Hakuwa amezoea kuomba radhi kwa mtoto. Yeye mwenyewe hakuwahi kuombwa radhi na wazazi wake, na walikuwa wazazi wema.

"Alhamisi nilikuchapa bure," alisema. "Ulisema kweli na mimi sikukusikiliza. Na sokoni uliniambia tujaribu, nikakunyamazisha. Nimekukosea, mwanangu."

Mtoto alitazama chini. Wakatembea kidogo. Mama akadhani yameisha.

"Mama."

"Naam."

"Ile ya bluu haikuvunjika yenyewe. Niliiangusha kwenye ngazi za shule."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa siku nne mtoto alikuwa na kosa moja dogo la kweli, lakini hakuwa na nafasi ya kulikiri, kwa sababu alikuwa amekwisha kubebeshwa makosa kumi na moja yasiyo yake.

Wazazi wengi wanalalamika kwamba watoto hawasemi ukweli. Pengine tuanzie dukani. Mtoto akiomba kujaribu kitu kabla hakijalipiwa, si aibu, na muuzaji mwenye bidhaa nzuri hataona vibaya. Anayejua vizuri kinachotakiwa ni yule atakayekitumia, hata kama hela iko mfukoni mwa mama. Na kitu kikiharibika nyumbani, kichukue kwanza mkononi mwako ukijaribu mwenyewe, dakika tano tu, kabla ya kutafuta fimbo.

Jioni ile mtoto alichora nyumba yao. Migomba ilikuwa ya kijani moja, mibuni ya nyingine, na msitu wa juu alizichanganya zote mbili. Mlangoni aliweka mtu mwenye kitenge. Mama aliuliza ni nani.

"Ni wewe," mtoto akasema. "Unachonga penseli."