MREMBO WA INSTA ALIYEAMUA KUSOMEA MAMBO YA SAITI

Kuna mdada mmoja wa Mbagala, ukimuona Insta utasema huyu hajawahi kushika hata ufagio. Kucha ndefu, wigi kali, mapozi full. Ila saa saba mchana unamkuta saiti na hotpoti kichwani, anawapelekea mafundi wali maharage. Mama yake ni mamantilie.

Form four alipata daraja la tatu, Hesabu na Fizikia kapasi. Mashosti wakamwambia akasome utangazaji. "Na sura hiyo, saiti utaenda kufanya nini?"

Siku moja alikuta nguzo mbili zinabomolewa. Fundi alikosea kipimo cha kwenye ramani, zege likamwagwa, likakauka. Nondo, saruji, hela za vibarua, vyote vimeenda na maji. Fomeni, mzee wa watu, alikuwa kakaa juu ya tofali kashika kichwa.

"Binti, mimi kazi naijua kwa mikono, ramani nasomewa. Wewe una macho, kasome."

Hapo ndo akili ikakaa sawa. Lakini nusura apigwe. Chuo kimoja kilimwambia miezi sita tu anatoka na cheti cha umeneja wa saiti, alipie nusu leo leo. Mama akavunja kikoba. Jioni fomeni akauliza swali moja: "Hicho cheti nani anakitambua?"

Mdada akafungua mwongozo wa udahili wa NACTVET kwenye simu, akatafuta mpaka macho yakauma. Chuo hakimo! Hela ilikuwa bado iko kwenye kanga ya mama.

Alichokuja kuchagua ni diploma ya uhandisi ujenzi, miaka mitatu, kuanzia NTA level 4 hadi 6. Humo kuna kusoma na kuchora ramani, kupima ardhi, kukadiria vifaa, kusimamia kazi na kwenda field. Na hakuna kutoka darasani ukawa bosi. Unaanza kwa kuhesabu mifuko ya saruji na kuhakikisha zege linamwagiwa maji siku 7 bila kuruka.

Kilichomuumiza sio ugumu wa masomo. Ni miaka mitatu ya mama kubaki peke yake jikoni. Hotpoti atabeba nani?

Usiku ule alitaka kughairi. Mama hata hakugeuka, aliendelea kuchambua maharage. "Nitabeba mwenyewe, mwanangu. Nilishabeba kabla hujazaliwa."

Kucha amekata. Wigi bado lipo, wikiendi linatoka kama kawa.

Wewe unayesubiri kuchagua kozi, jina zuri la kozi lisikuchanganye. Uliza chuo kimesajiliwa? Utatoka na level gani? Na saa moja asubuhi kazini utakuwa unafanya nini hasa? Jibu la mwisho likikufurahisha, kalipe ada.

Haya, ungekuwa wewe ungechagua utangazaji au saiti? Funguka hapo chini.