Safari ya Ayalandi: Kutafuta Jina la Mtoto

Wengi wenu mwajua ya kuwa mapadre kutoka Ayalandi walifanya kazi katika Kenya miaka mingi. Mmoja wao, aliyetufundisha tangu tulipokuwa watoto wa shule, amekwisha kurudi kwao kwa sababu ya uzee. Mwaka jana alituita tumtembelee, naye alikuwa na haja moja. Alisema, “Mwalimu, bibi yangu alinisimulia kwamba mama yake, aitwaye Nora, alikuwa na ndugu mdogo aliyekufa katika Njaa Kuu. Hakuna aliye hai ajuaye jina lake. Nataka kumtaja katika Misa kabla sijafa. Macho yangu yamefifia, na wewe umezoea vitabu vya ubatizo. Njoo unisomee.”

Basi tukasafiri. Yafaa kwanza mjue habari za njaa ile. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi ulaya, navyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini wa Ayalandi asubuhi na jioni. Vikaoza mashambani. Hata ilipofika mwaka 1852 watu wapata milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja wamevuka bahari. Hesabu ya mwaka 1841 iliwakuta watu zaidi ya milioni 8. Hesabu ya mwaka 1851 iliwakuta kama milioni 6 na nusu.

Katika Dublin, mji mkuu, mzee alitupeleka kwanza kando ya mto Liffey, penye jumba kubwa la mahakama liitwalo Four Courts. Hapo ndipo serikali ilipokuwa na nyumba yake ya kuhifadhi maandiko. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, tarehe 30 Juni 1922, nyumba ile ilipasuka na kuungua. Karatasi zikarushwa juu, zikapeperuka mpaka nje ya mji. Ziliteketea hesabu za watu za miaka 1821, 1831, 1841 na 1851, isipokuwa vipande vichache, pamoja na vitabu vingi vya parokia za Kianglikana vilivyokuwa vimewekwa humo. Hesabu nne zilizofuata, tangu 1861 mpaka 1891, hazikungoja moto, kwani serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu.

Mzee alisimama akishika ukingo wa daraja, akasema, “Katika hesabu ya mwaka 1851 kila nyumba iliagizwa iandike walio hai, na pia waliokufa tangu mwaka 1841. Jina la mtoto yule lilikuwa humu.” Sisi tulinyamaza, maana hatukuwa na neno la kumjibu.

Lakini yako yaliyosalia. Mwenye kutafuta wazee wake huanza na ajulikanaye, akarudi nyuma hatua kwa hatua kama mtu ashukaye ngazi gizani. Hesabu za tarehe 31 Machi 1901 na 2 Aprili 1911 ni nzima, na leo mtu aweza kuzisoma bure kwa kompyuta hata akiwa Mombasa. Humo tulimwona Nora na mumewe. Mwaka 1901 aliandikwa ana miaka 58. Mwaka 1911 aliandikwa ana miaka 73! Tulicheka sana, tukidhani karani amelewa. Mzee akatueleza: tangu tarehe 1 Januari 1909 serikali ilianza kuwalipa wazee waliotimiza miaka 70, ndipo wengi wakaukumbuka umri wao. Kwa hiyo msiuamini umri ulioandikwa katika hesabu mpaka mmeupima kwa kitabu kingine.

Kisha kicheko kilikoma. Hesabu ya mwaka 1911 iliwauliza wanawake walioolewa idadi ya watoto waliowazaa hai, na idadi ya wale ambao hawajafa. Mbele ya jina la Nora yameandikwa haya: 9, na 5.

Hatua ya pili ni vitabu vya serikali vya kuzaliwa, kuoa na kufa. Kwa watu wote vilianza tarehe 1 Januari 1864, ingawa ndoa zisizo za Kikatoliki ziliandikwa tangu mwaka 1845. Cheti cha ndoa chafaa kuliko vyote, kwa kuwa kinataja baba za wote wawili na mahali walipokaa. Ndoa ya Nora tuliikuta katika mwaka 1865, tukapata jina la baba yake, kazi yake ya ukulima, na jina la kitongoji chake katika Clare, upande wa magharibi. Hicho kitongoji ndicho ufunguo, kwani nchi ile ina vitongoji zaidi ya 60,000, na watu wa jina moja ni wengi mno. Tukamwona baba huyo pia katika vitabu vya Sir Richard Griffith, vilivyotolewa kati ya miaka 1847 na 1864 kwa ajili ya kodi. Vinataja mwenye kukaa katika kila nyumba na shamba, na aliyempangisha. Yeye alikuwa na nyumba na kishamba kidogo, vyote vya kupanga.

Lakini mtoto alizaliwa kabla ya vitabu vya kuzaliwa, akafa kabla ya vitabu vya kufa. Ikabaki parokia peke yake. Vitabu vya Kikatoliki vilikuwa vimekaa kwa mapadre wenyewe wala havikupelekwa Dublin, ndiyo sababu moto haukuvipata. Maktaba ya Taifa ilivipiga picha, na tangu mwaka 2015 picha hizo, za parokia zaidi ya 1,000, zimewekwa wazi kwa watu wote.

Tulisoma siku nne, ukurasa kwa ukurasa. Wino umefifia, mwandiko wa mapadre wengine ni kama nyayo za kuku, na majina mengi yamevikwa Kilatini: James ni Jacobus, William ni Gulielmus. Nora hatukumwona, mpaka tukakumbuka kwamba Nora huandikwa Honoria. Hapo akatokea, amebatizwa mwaka 1838. Basi ule umri wa mwaka 1911 ulikuwa kweli, na wa mwaka 1901 ndio uliokuwa uongo! Tukaendelea. Mwaka 1841, dada. Mwaka 1843, dada mwingine. Mwezi wa Novemba 1846, baba yule yule, mama yule yule, kitongoji kile kile, na wasimamizi wawili: Michael.

Tulilisoma kwa sauti. Mzee akaomba tulisome tena. Halafu akavua miwani yake, akakaa kimya muda mrefu. Mstari ule ni wa pekee. Kufa kwake hakukuandikwa po pote, maana parokia nyingi hazikuwa na kitabu cha maziko.

Siku ya pili tulipanda gari la moshi mpaka Ennis, mji mkubwa wa Clare, na toka huko motokaa mpaka kitongojini. Nchi ni ya mawe, na mashamba yamezungukwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo. Kwa ramani ya Griffith tulipaona mahali pa nyumba: kuta mbili zimesimama hata kiuno, upupu umejaa ndani, na jiwe la jiko lingali pale pale. Asubuhi, katika kanisa la parokia ile, mzee alisoma Misa, na alipofika penye kuwaombea marehemu alisema, “Michael,” bila kuongeza neno.

Enyi wazazi, waulizeni bibi na babu wangali hai, nanyi andikeni majibu yao, jina, mahali na mwaka. Enyi walimu wenzetu, tujue kwamba padre yule wa mwaka 1846, katikati ya njaa na homa, aliandika mstari mmoja vema, na mstari huo umemtunza mtu kwa zaidi ya miaka 170.

Tuliporudi nyumbani tulifungua kitabu chetu wenyewe. Katika mwaka mmoja tulikuta mistari sita kwa mwandiko wetu, isiyo na jina la kijiji, na miwili isiyo na jina la mama. Wiki ile ile tulichukua baiskeli, tukaenda kuuliza kwa wazee. Mitano imekwisha kujazwa, na mitatu tungali tukiitafuta.