Mkoma Mmoja, Misuko Miwili: Safari ya Namoruputh



Mtu wa Pwani afikapo Lodwar huona kwanza jua, kisha vumbi. Akistahimili kidogo ataona la tatu, nalo litamfanya asimame: mikoma. Imejipanga kando ya Mto Turkwel, mirefu, yenye matawi, kama ile tuijuayo kwetu. Barabara iendayo magharibi hupita Lorugum ikaelekea upande wa milima ya Loima, na huko ndiko iliko Namoruputh. Katika Kiturkana neno moru ni jiwe au mlima wa mawe, na mgeni hulisikia neno hilo ndani ya jina la mahali.

Si mahali ambapo mtu angetarajia kutafuta sanaa. Hakuna jumba la maonyesho wala picha zilizotundikwa ukutani. Wafugaji wa nchi hii huhama na mifugo yao, na mwenye kuhama hawezi kubeba kitu kisichokuwa na kazi. Kwa hiyo uzuri wameutia ndani ya vile vile wanavyovitumia. Mwanamume hutembea na ekicholong, kigoda kidogo cha mti kilichochongwa kwa kipande kimoja. Mchana hukikalia, na alalapo hukifanya mto wa kichwa. Ukikitazama vyema utaona mkunjo wa miguu yake na nakshi zilizochorwa kwa ncha ya kisu, wala hutajua ni wapi matumizi yanapoishia na pambo linapoanzia.

Niliketi kivulini pamoja na kina mama wasukaji, kijana mmoja wa dukani akitufasiria. Walikuwa wakisuka kwa majani ya mkoma, majani yale yale ambayo mabibi zetu huyaita miyaa, lakini njia yao ni nyingine. Sisi huchana miyaa tukaisuka ukili mrefu mwembamba, kisha ukili ukashonwa pamoja, mstari kwa mstari, mpaka mkeka ukatimia. Wao huchukua kicha cha majani, wakakizungusha kuanzia kitovu kama nyoka aliyejikunja, na kila mzunguko hushonewa ule uliotangulia kwa uzi wa jani changa, tundu likitobolewa kwa msharasi. Mwenye kutaka pembetatu zake zikutane sawasawa hana budi kuhesabu mishono tangu mwanzo, maana kila mzunguko ni mkubwa kuliko uliopita. Hana penseli wala karatasi. Hesabu yote imo kichwani, na alifundishwa na mama yake.

Nikamwuliza mmoja wao kikapu kile humchukua siku ngapi.

“Sita, mzee, maji yakiwa karibu,” akajibu. “Yakiwa mbali, nane.” Majani hayana budi kulowekwa ndipo yalainike, na maji hayo hayo ndiyo ya kupikia na ya kunywesha watoto.

Punde akapita msafiri mmoja, akakitwaa kikapu, akakigeuza, akataja nusu ya bei. “Ni majani tu haya,” akasema. Mama akanyamaza kitambo, kisha akapokea fedha, kwani unga ulikuwa umekwisha nyumbani. Neno hilo, ni majani tu, ndilo nililorudi nalo, nalo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja.

Tuanze na shanga. Wanawake wa Turkana tangu zamani wameshona shanga nyeupe za gamba la yai la mbuni juu ya mavazi yao ya ngozi. Gamba huvunjwa vipande vidogo, kila kipande kikatobolewa, vikatungwa uzini, kisha vikasuguliwa juu ya jiwe mpaka viwe mviringo. Ufundi huu ni wa kale mno. Katika pango la Enkapune ya Muto, magharibi ya Ziwa Naivasha, zimepatikana shanga za namna hii zinazokadiriwa kuwa na umri wa miaka 40,000 hivi. Na pale Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana, wachimbuzi walitangaza mwaka 2018 habari za makaburi ya wafugaji wa miaka 5,000 iliyopita, ambamo wanakadiria walizikwa watu wasiopungua 580. Wengi walikutwa na shanga zao. Kabla ya miji yetu ya mawe kujengwa, mikono ya nchi hii ilikuwa ikitoboa na kusugua.

Shanga za kioo nazo zina habari inayotuhusu sisi. Nyingi zilishuka katika bandari zetu, zikapandishwa bara juu ya vichwa vya wapagazi wa Pwani. Msafara wa Teleki uliofika kwenye ziwa hilo mwezi wa Machi 1888 ulikuwa na wapagazi wa Kiswahili, pamoja na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia za bara. Hivyo mikufu tunayoistaajabia shingoni mwa wanawake wa Turkana imechanganya biashara ya wazee wetu na jicho la wenyeji, waliochagua rangi wazipendazo na kuzikataa wasizozitaka.

Wala ufundi huu haukusimama. Sufuria za alumini zilizotoboka huyeyushwa zikawa bangili na vipuli. Kule Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, madebe ya mafuta ya msaada hupasuliwa, yakanyooshwa na kupigiliwa kuwa milango. Watu wakisikia hayo husema ni umaskini. Lakini El Anatsui, mzaliwa wa Ghana, huunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba vikawa kama mapazia makubwa, na mwaka 2023 kazi yake ilitundikwa katika ukumbi mkuu wa Tate Modern, London. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga vyungu kwa mkono pasipo gurudumu, na sehemu ya ufundi huo aliupata kwa wanawake wafinyanzi wa Abuja, Nigeria. Vyungu vyake leo vimo katika majumba makubwa ya makumbusho. Basi dunia inakubali kwamba kifuniko si kifuniko tu, wala udongo si udongo tu. Imebaki sisi tukubali kwamba majani si majani tu.

Huenda mtu akauliza: Shehe, sisi na sanaa wapi na wapi? Wanazuoni wamezungumza kwa urefu juu ya picha za viumbe wenye roho, na tahadhari yao inajulikana. Lakini nakshi, mizani ya maumbo, ususi na uchongaji wa mapambo ndiyo njia waliyoishika mafundi Waislamu tangu kale, katika mihrabu, katika milango ya Lamu na katika kofia za vito. Kikapu cha Namoruputh kimo katika njia hiyo hiyo, ingawa aliyekisuka pengine hana dini yetu.

Na dini yetu ina neno juu ya bei. Kupatana bei ni halali, na muuzaji na mnunuzi wakiridhiana kuna baraka. Lakini Qur’ani imetukataza kuwapunguzia watu vitu vyao, na ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa nyembamba sana. Kabla ya kutaja nusu, uliza siku ngapi. Ukiisha kujua ni sita au nane, ulimi wenyewe utaona haya.

Kina mama, neno la mwisho ni lenu. Katika nyumba zetu mkeka wa plastiki umekwisha tandikwa mahali pa mkeka wa miyaa, na binti wa miaka kumi na minne hajui ukili huanzwaje. Bibi yake anajua, naye yu hai. Mwiteni bibi barazani Ijumaa hii baada ya Alasiri, mumpe miyaa, na mabinti waketi karibu naye. Kule Namoruputh niliwaona watoto wa kike wakifundishwa huku maji yakiwa ya taabu. Sisi tunayo bombani.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono inayofanya kazi, na atujaalie kuwa wanunuzi waadilifu. Amin.