Mwalimu wa Badali na Majina ya Ubaoni



Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe: hata ajibanze vipi kundini, macho yote humwangukia yeye. Sisi tuliionja maana ya usemi huo mwaka jana, tulipoombwa kushikilia darasa la Gredi ya Nne katika skuli moja ya hapa Mombasa, mwalimu wao alipokwenda likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Tulikuwa tumekwisha kustaafu na kujikalia nyumbani na wajukuu. Kwa kuwa tulisomesha miaka 29, tulidhani hakuna la darasani tusilolijua. Tukajitanda buibui, tukachukua mkoba, tukaenda kwa moyo mkunjufu.

Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu kosa tulilolitenda siku ya tatu tu ya kazi hiyo. Si jambo la kujivunia. Lakini mabinti wengi wa mitaani mwetu huitwa kushikilia madarasa, katika skuli na katika madrasa pia, na aghalabu huitwa usiku, waingie darasani asubuhi. Huambiwa kipindi kinaanza saa ngapi na kitabu kimefika ukurasa gani. Namna ya kukaa na watoto wa mwenzao hawaambiwi na mtu.

Siku ya kwanza tulikabidhiwa orodha ya majina ya watoto 42. Lakini jina lililo kwenye karatasi halina uso. Akina Mohamed walikuwa watano na akina Fatma wanne. Tulipoita majina, wavulana wawili wa nyuma waliitikiana, huyu kwa jina la yule, na darasa zima likaziba midomo kwa viganja. Mabuyu yalipita chini ya madawati kutoka mkono hata mkono, na vidole vyekundu vikashika madaftari. Kila tulipotoa amri tulijibiwa kwa sauti ya upole kabisa: “Mwalimu wetu haturuhusu hivyo.” “Mwalimu wetu hatupi kazi ya nyumbani Alhamisi.” Mwalimu wetu! Sisi tulikuwa nani, basi?

Twakiri kwamba neno hilo lilituchoma. Mwalimu mgeni akichomwa hivyo hukimbilia moja kati ya mawili: ama hujipendekeza kwa watoto ili wampende, ama hujitia ukali asiokuwa nao ili wamwogope. Sisi tulichagua la pili.

Siku ya tatu tuliitwa afisini kwa shughuli ya robo saa. Tukampa kiranja wa darasa chaki, tukamwambia aandike ubaoni jina la kila atakayepiga kelele. Ni desturi ya zamani. Sisi wenyewe tulikulia ndani yake, na wengi wenu mnaosoma hapa pia. Tuliporudi tulikuta majina saba. Tukayasoma kwa sauti, tukawasimamisha wenyewe mbele ya wenzao, nyuso zikielekea ukutani, mpaka kengele ya mapumziko.

Wa mwisho katika wale saba alikuwa msichana mwembamba. Tutamwita Mwanaidi, nalo si jina lake. Aligeuka akasema, “Mwalimu, mimi si—” Tukainua kidole. Hatukutaka kusikia neno. Akaugeukia ukuta. Siku tatu tulikuwa naye chumba kimoja, na jina lake tulilijua kwa mara ya kwanza pale ubaoni, katika orodha ya wakosaji.

Kesho yake Mwanaidi hakuja skuli. Kesho kutwa alikuja bibi yake.

Alikuwa mama wa makamo yetu. Alikaa, tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani na za afya kama ilivyo ada. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

“Mwalimu, sikuja kugomba. Mjukuu wangu asema hakufungua kinywa siku ile. Huenda asema kweli, huenda asema uongo. Mimi sikuwapo, na wewe nasikia hukuwapo. Nimekuja kuuliza jambo moja tu: mtoto huyu aliulizwa na nani?”

Hatukuwa na jibu. Angetupigia kelele tungepata la kujitetea. Alituuliza kwa heshima, nasi tukabaki tukiitazama mikono yetu.

Siku hiyo tuliwaita watoto mmoja mmoja na kuwasikiliza. Ilidhihirika kwamba Mwanaidi na kiranja walikuwa wamegombania kichongeo asubuhi ile, na kwamba jina lake liliingia ubaoni kwa kichongeo, si kwa kelele. Lakini hatukuona haki kumtupia kiranja lawama yote. Yeye naye ni mtoto. Tulimpa mwana wa miaka kumi chaki na kiti cha ukadhi, kisha tukashangaa alipohukumu kama mwana wa miaka kumi.

Sote twajua kwamba katika Sura ya Al-Hujurat waumini wamefunzwa kuihakikisha habari wanayoletewa, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Twajua pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomtuma Sayyidna Ali Yemen kuwa kadhi, alimwasa asihukumu baina ya wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Mafunzo haya tumeyasomesha wenyewe, tukayaandika ubaoni, tukawapa watoto alama kwa kuyahifadhi. Ule ubao wa majina tulipoukuta, hayakutujia hata kwa mbali.

Tulijifariji kwamba hatukumpiga mtoto. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, haikukataza kiboko peke yake. Imekataza pia kumtesa mwanafunzi kiakili. Kumsimamisha mtoto asiye na hatia mbele ya wenzake 41, akanyimwa neno, ni kumpiga kwa njia isiyoacha alama mwilini. Sisi tuliiona alama yake. Mwanaidi aliporudi darasani alikaa dawati la mwisho, na alipoulizwa swali alitazama meza.

Asubuhi ile, baada ya dua ya kufungulia masomo, tuliliambia darasa wazi kwamba tulimwadhibu mwenzao bila ya kumsikiliza, kwamba kosa lilikuwa letu wala halikuwa lake, na kwamba twamwomba msamaha mbele yao kwa kuwa mbele yao ndipo tulipomfedhehesha. Mwalimu mmoja kijana alikuwa ametuonya: ukiwaomba msamaha, watakupanda kichwani. Kelele hazikuisha siku hiyo, na mabuyu hayakukoma kupita. Lakini hatukusikia tena mtoto akiitikia jina la mwenziwe. Labda waliona kwamba sasa majina yana uzito.

Tokea hapo tulianza upya, na haya ndiyo tuliyojifunza. Twawaachia mabinti zetu watakaoitwa kesho.

Jambo la kwanza ni majina. Tulisimama mlangoni kila asubuhi, tukampa kila mtoto salamu na kumwomba atutajie jina lake, hata kama tulilitaja jana tukakosea. Tukachora madawati kwenye karatasi na kuandika jina la kila anayeketi. Kwa juma moja tuliwajua wote, hata akina Mohamed watano. Mtoto anayeitwa kwa jina lake kabla hajakosea huona haya kukosea. Mtoto ambaye jina lake hutajwa kwa makosa tu hukoma kulisikia.

La pili, tuliwataka watoto watufunze desturi za mwalimu wao. Nani hufungua madirisha? Nani hukusanya madaftari? Maji hunywewa saa ngapi? Wavulana hupanga safu vipi wakienda kuswali adhuhuri? Tuliyaandika yote na kuyafuata, isipokuwa lile la kazi ya nyumbani ya Alhamisi, ambalo baada ya uchunguzi lilikuwa uzushi. Neno “mwalimu wetu” liliacha kuwa mwiba. Tulielewa kwamba hawakulisema kwa ujeuri tu. Mwalimu wao aliondoka, tumbo lake likiwa kubwa, na hakuna aliyewaeleza atarudi lini. Tukaandika tarehe ya kurudi kwake pembeni mwa ubao, na kila Ijumaa tukahesabu pamoja majuma yaliyosalia.

La tatu, kazi iwe tayari kabla ya watoto. Nafasi tupu ndiyo mama wa fujo. Tuliingia darasani dakika kumi mapema, tukaandika ubaoni maswali matatu mepesi, ili kila anayeketi awe na la kufanya. Mwalimu anayefungua kitabu huku watoto 42 wakimngoja amekwisha kuchelewa.

La nne ni sauti. Tulipopaza yetu, wao walipaza yao. Tukaacha. Penye kelele tulikwenda tukasimama karibu na dawati lile, huku tukiendelea kufundisha, bila ya kumtazama mtu kwa ukali. Aghalabu ilitosha. Iliposhindikana, tulimwita mtoto faraghani wakati wa mapumziko, tukaanza kwa swali: kumetokea nini? Tulishangaa ni mara ngapi jibu lilikuwa jepesi: hakunywa chai, haoni ubao, mwenziwe amemtukana mamake. Na adhabu, ilipobidi, ilifanana na kosa: aliyemwaga aliokota, aliyechafua dawati alilipangusa.

La tano, tuliifuta desturi ya majina ubaoni. Tulipotoka darasani tulimwomba mwalimu jirani atutupie jicho. Kiranja wetu tulimwachia kazi ya kugawa vitabu, na tulimwona anapumua.

Kwa wazazi nasi tuna neno. Mtoto akirudi nyumbani akasema, “Leo tumeletewa mwalimu mwingine,” tusijibu, “Huyo si mwalimu wenu, ni wa muda tu.” Mtoto aliyesikia hivyo jioni humjia mgeni asubuhi na ruhusa ya wazazi wake mkononi. Tumfunze kwamba aliyekaa katika kiti cha mwalimu ana haki ya mwalimu. Na mtoto akilalamika kwamba amedhulumiwa, tufanye kama alivyofanya bibi yule: tusikanushe, tusiamini upesi, tuvae buibui twende tukaulize.

Na kwa wanaosimamia skuli na madrasa, twaomba asikabidhiwe mtu darasa kwa orodha tupu. Aambiwe nani ana pumu, nani ana kifafa, nani hasikii vyema, nani hachukuliwi na mtu mwingine isipokuwa mamake. Hayo ni ya lazima zaidi kuliko ukurasa wa kitabu.

Wengi wetu twaijua hija ya badali. Anayehiji kwa niaba ya mwenzake hutia nia kwa jina la mwenzake. Hutembea kwa miguu yake, huchoka kwa mwili wake, na hija si yake. Tulipokuwa tukihesabu majuma na watoto wale, tuliona kwamba kazi yetu ilishabihiana na hiyo. Darasa lile lilikuwa amana. Halikuwa letu la kulipindua wala la kujitafutia sifa. Tulitakiwa tulirudishe zima.

Mwalimu wao alirudi siku iliyoandikwa. Watoto walimkimbilia mlangoni na kutusahau papo hapo, nasi tulifurahi, kwani ndivyo ilivyostahiki. Tulimkabidhi daftari tulimoandika kila lililopita: masomo yaliyosomeshwa, aliyehitaji miwani, wawili waliopatana baada ya kugombana. Kwenye jina la Mwanaidi tuliandika kwamba tulimdhulumu siku ya tatu, kisha tukamwomba msamaha, na kwamba bado hajanyosha mkono darasani.

Hakunyosha mkono mpaka tulipoondoka. Salamu zetu alizijibu kila asubuhi pale mlangoni, vyema na kwa adabu, macho yakiwa chini. Kwa umri wetu tungependa kusimulia kwamba siku ya mwisho alitukimbilia akatukumbatia. Haikuwa hivyo, wala hatuna haki ya kumdai. Kusamehe ni mali yake. Letu lilikuwa kumuuliza kabla ya kumhukumu, nalo tulilikosa kwa sababu ya robo saa na kipande cha chaki.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyowakosea watoto wetu kwa kujua na kwa kutojua, na awape mabinti zetu wanaoingia madarasani subira na masikio ya kusikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.