Deni la Hongo

Soko langu la kwanza lilikuwa stesheni ya Tabora. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika hapa hukatwa, mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma kule, na miaka ya tisini shughuli hiyo ilikula muda. Abiria walishuka kunyoosha miguu, wakanunua karanga, maembe ya msimu, na asali iliyotiwa kwenye chupa za konyagi. Nami nilipita madirishani na vijitabu vyangu vya stepla mbili mgongoni. Karani aliyenipigia chapa hakunipunguzia hata senti, ila alicheka huku anachapa, nami nikahesabu hilo kuwa ndilo punguzo.

Vilikuwa visa vya Mzee Masanja, mkulima wa tumbaku wa kijiji nilichokibuni upande wa Sikonge, mwenye majibu mengi kuliko marobota. Mswada niliwahi kuupeleka kwa wachapishaji. Ukarudi na barua fupi kwamba vichekesho vya shamba havina soko. Sikununa sana. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, na tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe ikatoka mwaka 1980. Subira hiyo mimi sikujaliwa.

Kisa kilichouzika kuliko vyote kilikuwa cha hongo. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipobeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo walipita Ugogo, na huko msafara haukupita wala kunywa maji bila kutoa hongo ya vitambaa na shanga. Leo Mnyamwezi na Mgogo ni watani, na mtani msibani ana ruhusa asiyopewa mtu mwingine. Basi Mzee Masanja, Mnyamwezi, anakwenda kuzika Dodoma kwa Wagogo. Kabla maiti haijafika, anateremka kaburini, analala chali, anafumba macho: hazikwi mtu hapa mpaka hongo ya babu yangu irudi, na riba yake.

Alinunua mmoja, likasikiliza behewa zima. Daraja la tatu kusoma kimyakimya ni uchoyo. Safari moja nilikuwa nimekaa kwenye kona, hakuna anayenijua, kijana akawa anawasomea wenzake kisa hicho. Alipofika kwenye riba, mzee mmoja wa Kigogo akadakia, "Mwambieni alipe kwanza maji ya kisima aliyokunywa babu yake. Mdomo ule ulimaliza mtungi!" Watu hoi. Toleo lililofuata lilikuwa na jibu hilo, na kwa kweli lilikuwa zuri kuliko langu.

Kisha lami ikafika, watu wakahamia kwenye mabasi. Basi likisimama ni kuchimba dawa na kuondoka. Utamuuzia nani kisa chenye salamu za ukurasa mzima? Zikaja simu. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 sikuona inanihusu nini, lakini WhatsApp ilipokuja nyuma yake nikajikuta nina wateja kila kona, buku kwa kipande, kipande kila Ijumaa.

Simu ilinilipa. Ilimbadilisha pia Masanja. Wenzangu wa hadithi za majambazi hukata pale bastola imeelekezwa kifuani, msomaji akakesha. Kichekesho ukikikata kabla ya jibu kinalala. Kesho unakitoa kama ugali wa jana. Nikaanza kuandika vifupi. Masanja ambaye zamani salamu yake ya "mwangaluka" ilimtoa kwenye habari za ng'ombe hadi za mkwe ndipo afike kwenye shida iliyomleta, sasa akawa anaingia, anajibu, anatoka. Walionunua wakanitumia vinyuso vya njano vinavyotoa machozi, wakasambaza kisa grupu hadi grupu bila jina langu, basi. Hakuna aliyedakia. Na utani usiojibiwa, mimi nauona ni matusi tu.

Mwaka jana nilichoka kuandika vifupi, nikarekodi kisa cha hongo kwa sauti, kirefu, na salamu zake zote. Baadhi ya wateja waliniaga siku hiyohiyo kwamba ninamaliza bando lao. Ila zikaanza kurudi sauti. Moja ilitoka Maskati, kwa mama mmoja ambaye bibi yake alizaliwa Tabora, Kiswahili chake kama cha jirani yangu.

"Mwanangu," alisema, "mwambie Mzee Masanja asijisumbue. Vitambaa vile vilikuwa mali ya babu yetu, babu yake alivibeba tu. Hongo ikirudi, irudi kwetu."

Mama huyo naye nimemteremsha. Katika toleo la sasa wako wawili kaburini, wamelala ubavu kwa ubavu wakigombea riba, na Mgogo amesimama juu yao na beleshi, anauliza kama aanze kufukia.