Sindano ya Jumanne

Kila Jumanne jioni, watoto wakishakula na vyombo vikishaoshwa, tunaingia chumbani sisi wawili na kufunga mlango. Juu ya kisahani tunaweka kalamu ya sindano iliyotoka kwenye friji, sindano moja mpya ambayo karatasi yake haijachanwa, na kipande cha pamba chenye spiriti. Mmoja wetu anapandisha shati. Mwingine anavaa miwani na kusoma kwa sauti namba iliyo kwenye kidirisha cha kalamu. Tunaomba maneno machache, kisha tunachoma.

Mwenye shati ni mchungaji. Mwenye miwani ni mkewe. Tumekubaliana kuandika haya kwa pamoja, kwa sababu kosa tutakalolisimulia tulilitenda pamoja.

Wapendwa mnaotufahamu mnajua jinsi mchungaji anavyonenepa. Ukienda kubariki nyumba, unakuta mtori. Ukienda kwenye kipaimara, unaitwa meza ya mbele na ndafu inakatwa ukiwa umekaa hapo hapo. Kukataa chakula cha Mkristo aliyechinja mbuzi wake wa pekee ni kumvunja moyo, nasi hatukupenda kumvunja mtu moyo. (Tuseme kweli, nyama nayo tuliipenda.) Miaka ikapita, mizani ikafika kilo 121. Magoti yakaanza kuuma wakati wa kupiga magoti madhabahuni, na siku moja mzee wa kanisa akalazimika kumshika mchungaji mkono ili ainuke. Hospitalini walipima, wakakuta sukari imepanda na presha nayo imepanda.

Daktari alijaribu vidonge na ushauri wa chakula kwa mwaka mzima. Mwishoni akaandika semaglutide, dawa ya kujichoma mara moja kwa wiki. Alituchorea kwenye karatasi: utumbo hutoa homoni ya kuuambia ubongo kwamba umeshiba, na dawa hii huiga homoni hiyo, huchelewesha chakula tumboni, na husaidia kongosho kutoa insulini pale sukari inapopanda. Akatueleza pia kwamba dawa ya kwanza ya ukoo huu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, ilitokana na kitu kilichopatikana katika mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwani. Tulitazamana. Sote wawili tulikuwa tumemkumbuka yule nyoka wa shaba katika kitabu cha Hesabu.

Kabla ya kutoa dawa aliuliza maswali mengi. Je, katika ukoo kuna aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo? Je, mchungaji amewahi kuugua kongosho, au kuwa na mawe kwenye nyongo? Akatuonya kwamba maumivu makali ya tumbo yanayokwenda mpaka mgongoni na yasiyokoma si ya kuvumilia nyumbani kwa maombi, bali ni ya kuja hospitali usiku huo huo.

Bei ilitutisha. Tuliuza ndama.

Muuguzi ndiye aliyetufundisha kuchoma. Kunawa mikono. Kuangalia kama dawa ni safi kama maji, isiyo na rangi wala chembe. Kwa kalamu mpya, kujaribu kwanza mpaka tone litokee kwenye ncha. Kuchoma tumboni mbali kidogo na kitovu, au pajani, au sehemu ya juu ya mkono, na wiki inayofuata kuhamia mahali pengine. Kubonyeza mpaka namba irudi kwenye sifuri, kisha kuhesabu taratibu hadi sita kabla ya kuchomoa, maana ukiharakisha dawa inabaki nje. Sindano ni mpya kila mara, na haiachwi kwenye kalamu. Zilizotumika tunaziweka kwenye dumu gumu la sabuni lenye kifuniko, na likikaribia kujaa tunalipeleka zahanati, wala hatuzitupi migombani wanakocheza watoto. Alituanzisha na kipimo kidogo, miligramu 0.25 kwa wiki nne, ili mwili uzoee. Mchungaji alitaka kuruka hatua hiyo. Mkewe alikataa, na ashukuriwe, maana hata hicho kidogo kilileta kichefuchefu cha kutosha. Mwanzoni tulichagua Jumamosi, na Jumapili moja mahubiri yakakatishwa ghafla, washarika wakadhani ni machozi ya Roho. Tukamuuliza daktari, tukahamia Jumanne.

Kalamu ya pili tuliipoteza kwa uzembe wetu. Umeme ulikatika siku nzima, nasi kwa hofu tukaisogeza karibu na sehemu ya barafu ili ipate baridi zaidi umeme ukirudi. Asubuhi ilikuwa imeganda. Tuliishika mkononi tukitafuta sababu ya kuitumia, kwa kuwa nusu ya ndama ilikuwa humo. Lakini muuguzi alikuwa ametuambia wazi kwamba iliyoganda haitumiki tena hata ikiyeyuka, na kwamba iliyokwisha kufunguliwa ingeweza kukaa hata nje ya friji wiki kadhaa, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Hofu yetu ndiyo iliyoiharibu. Tukaitupa.

Hatukumwambia mtu yeyote. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe.

Kufikia Kwaresima mchungaji alikuwa amepungua kilo 14 na kanzu ikawa inamvaa yeye. Mlangoni mwa kanisa watu wakaanza kusema, "Baba Mchungaji, kufunga kumekukubali!" Mara ya kwanza tulicheka tu. Mara ya pili tukasema, "Ni neema ya Mungu," na neno hilo ni kweli popote utakapolitumia, ndiyo maana ni rahisi kujificha nyuma yake. Mara ya tatu mkewe alijibu jumuiyani kwamba nyumbani kwetu siku hizi tunakula kidogo. Nayo ilikuwa kweli.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima wa jumuiya yetu, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, anayemeza vidonge vya kushusha sukari kila asubuhi. Alituona, akapata moyo. Akaamua kufunga kama mchungaji wake, kuanzia alfajiri hadi jioni, na vidonge akaendelea kuvimeza. Siku ya tatu alianza kutetemeka na kutoka jasho, akaanguka jikoni. Mjukuu wake aliyerudi kutoka shule kuchukua daftari alimkuta anaongea maneno yasiyoeleweka. Kijana huyo alikuwa na akili: mama bado aliweza kumeza, akamnywesha maji ya sukari, akaita majirani wakamkimbiza zahanati. Mtoto asingesahau daftari, tungezika.

Tulikwenda kumwona jioni ile. Alimshika mchungaji mkono akasema, "Nilitaka kukufuata wewe, baba."

Usiku hatukulala. Tulipokuwa tukifundisha kipaimara miaka yote hii, amri ya nane tuliieleza kama amri ya ulimi: usimsingizie jirani. Usiku ule mke alisema, "Sisi tumemshuhudia uongo jirani yetu kwa ukanda wa suruali." Tuliona aibu ya dawa kwa sababu tulidhani unene ni dhambi ya ulafi na tiba yake ni toba tu. Na hayo hatukufundishwa na Biblia wala chuoni. Isaya alimwekea Hezekia andazi la tini juu ya jipu baada ya kuomba. Luka alikuwa tabibu. Luther mwenyewe, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, aliandika barua akiwakemea wanaodharau dawa kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu. Aliona huko ni kumjaribu Mungu. Mchungaji aliisoma barua hiyo chuoni na kuijibia mtihani. Haikumfika mwilini.

Tulianza kwa kumwomba msamaha yule mama, kitandani kwake. Halafu tukawaambia wazee wa kanisa, kisha Jumapili, baada ya matangazo, washarika wote. Hatungependa kusema kwamba mambo yalikwenda vizuri. Mzee mmoja aliuliza kama sadaka za wajane zinanunua dawa ya kukonda, nasi tukaeleza habari ya ndama, ingawa tunajua kwamba wapo hapa wasio na ndama wa kuuza, na swali hilo bado liko nasi. Wengine walinyamaza, na kunyamaza kwao kuliuma zaidi.

Wengine walikuja usiku. Bwana mmoja aliomba tumchomee kwa kalamu yetu, sindano tungebadilisha, naye angelipa nusu. Waumini wa kwanza walikuwa na vitu vyote shirika, alitukumbusha. Tulikataa. Kalamu haichangiwi hata ukibadilisha sindano, kwa kuwa damu kidogo inaweza kurudi ndani pamoja na magonjwa yake. Binti mmoja aliyekuwa anakaribia ndoa alikuwa ameshapata muuzaji wa simuni, bila cheti cha daktari. Tulimweleza kwamba Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kalamu bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, na kwamba ndani yake huenda mkawa na dawa nyingine kabisa, kama insulini. Tulimweleza pia kwamba mwanamke anayetaka kupata mimba anatakiwa kuiacha angalau miezi miwili kabla. Alilia kidogo. Gauni lake lilipanuliwa na fundi, na siku ya harusi hakuna aliyeona mshono.

Sasa magoti yanapiga magoti. Daktari ametuambia wazi kwamba wengi wanaoacha dawa hii hurudisha sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo huenda tutaendelea nayo miaka mingi, kama Mungu atatupa ndama wengine. Kwenye nyumba za watu mchungaji anakula kidogo na kueleza sababu, na wenyeji wameanza kumfungia kilichobaki apeleke kwa watoto.

Yule mama alikuja nyumbani Jumanne iliyopita na mfuko wake wa vidonge, akataka kuona tunavyofanya. Tulimwonyesha sindano. Aliisogeza karibu na taa, akaigeuza huku na huku, fupi kuliko ukucha wake.

"Ndiyo hii mliyokuwa mnaificha?" akasema, akakaa kitandani kusubiri aone inavyochomwa.