Mashua Iliyotufanya Tuzungumze

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Sisi tulipewa mashua bure kabisa, na ilituchukua miezi tisa kuona maana ya maneno hayo.

Ni vizuri tujitambulishe kwanza. Baba wa nyumba yetu ni mzaliwa wa Ukerewe, mtoto wa mvuvi wa dagaa. Mama wa nyumba, anayeandika haya, alikulia Mwanza mjini na ni muuguzi. Tangu mwaka 2011 tunaishi Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani linalopakana na Kanada. Tuna kijana na binti. Wakati wa mambo haya kijana alikuwa na miaka 15 na binti miaka 8. Jimbo hili lina maziwa zaidi ya 11,000 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, na kuona mashua uani kwa mtu ni jambo la kawaida kama kuona baiskeli kwetu nyumbani.

Mashua nyingi za zamani za huku ni za alumini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya ndege vilijikuta na ufundi mwingi na kazi chache. Kampuni ya ndege ya Grumman, kwa mfano, ilianza kutengeneza mitumbwi ya alumini mwaka 1945. Mabati ya vyombo hivi huunganishwa kama ya ndege, kwa ribiti, yaani vijiti vifupi vya alumini vinavyopitishwa kwenye tundu na kugongwa hadi vibane pande zote mbili. Alumini haiozi kama mbao, wala haishiki kutu nyekundu kama chuma. Lakini ribiti hulegea kwa miaka ya kupigwa na mawimbi, na maji hupata njia.

Mashua yetu ilikuwa ya mzee mmoja wa usharika wetu, mgane aliyekuwa akihamia nyumba ya kutunzia wazee. Ilikuwa na urefu wa futi 14, imejaa majani makavu, na panya walikuwa wamejenga chini ya kiti. Tuliivuta hadi nyumbani Septemba 2023.

Tuseme kweli: mmoja wetu ndiye aliyeivuta. Mwingine alitoka kazini asubuhi akaikuta uani.

Siku hizo nyumba yetu haikuwa na raha. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani tangu Aprili. Mama alikuwa akifanya zamu za usiku, wakati mwingine mbili mfululizo, na Jumapili alikuwa katika kuwatembelea wagonjwa wa usharika. Tulikuwa tukizungumza kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. "Maziwa yamekwisha." "Mtoto ana homa, nimempa dawa saa nne." Kwa hiyo mashua ilipoingia hatukugombana. Tulinyamaza siku tatu. Kila mwenye ndoa anajua kwamba kimya cha namna hiyo ni kibaya kuliko ugomvi.

Kulikuwa na jambo jingine. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, mmoja wetu alikuwa msichana wa miaka 17 katika mji ule. Jirani aliyekuwa akituletea senene kutoka Bukoba hakurudi. Tangu siku ile, mama wa nyumba hii hapendi chombo chochote kinachoelea.

Baba naye alikuwa na haraka. Alinunua gundi ya kuzibia maji, akaipaka kwa nje kwenye maungio yote, na wiki ya pili, mama akiwa amelala baada ya zamu, akampakia kijana wakaenda kwenye ziwa dogo la jirani. Baada ya nusu saa maji yalikuwa yamefika vifundoni. Walirudi pwani mmoja akipiga makasia na mwingine akichota maji kwa ndoo. Hawakusema neno. Tulichokuta mlangoni jioni ni jozi mbili za viatu vilivyolowa.

Siku hiyo hatukunyamaza. Majirani walisikia Kiswahili chetu.

Mama alieleza kama muuguzi. Mtu akitumbukia katika maji baridi, dakika ya kwanza pumzi humtoka ovyo, na akivuta maji hapo, basi. Akiishinda dakika hiyo, ana kama dakika 10 tu kabla mikono na miguu haijakosa nguvu, hata awe mwogeleaji hodari. Anayekufa mapema mara nyingi hauawi na ubaridi wenyewe. Huzama kwa kuwa hawezi tena kuogelea. Ndiyo maana jaketi la kujiokolea linavaliwa kabla ya kuondoka, halikaliwi kama mto. Kisha alisema jambo ambalo baadaye tulilirudia mara nyingi: kidonda hakifungwi juu ya usaha. Ukifunga hivyo kwa nje kitaonekana safi, na ndani kinaendelea kuoza.

Tukapatana kwamba mashua haitagusa ziwa tena mpaka sote wanne tuione haivuji, na sote wanne tutafanya kazi.

Mzee aliyetupa mashua ndiye aliyetufundisha kutafuta matundu, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Alisema, badala ya kuitia mashua majini, tieni maji ndani ya mashua. Oktoba, kabla ya baridi kali, tuliiweka kwenye trela, tukaiegemeza vizuri chini kwa magogo maana lita moja ya maji ni kilo moja na bati linaweza kupinda, kisha tukajaza kina cha vidole vinne tu. Binti yetu alilala kwenye nyasi na kalamu yake ya rangi. Kila alipoona tone alichora duara. Alichora maduara 17. Mengi yalikuwa palepale palipopakwa gundi.

Baridi ya huku hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, na gundi wala rangi haishiki. Mashua ililala katika banda la gari mpaka Aprili 2024. Mwezi Machi baba alipata kazi ya ghala, kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza. Vikaratasi viliendelea.

Tulipoanza kazi tuligundua kwamba ribiti iliyolegea hairudishwi na mtu mmoja. Mmoja hulala chini ya mashua na kukandamiza kipande kizito cha chuma kwenye kichwa cha ribiti kwa nje. Mwingine hukaa ndani na kugonga mkia wake hadi utanuke na kubana upya. Aliye chini asipokaza, aliye juu anapiga bure. Kijana alikuwa na mitihani, kwa hiyo Jumamosi moja tulibaki wawili.

"Tayari?"

"Tayari."

Nyundo inalia. "Inayofuata."

Hatukuwa tumefanya kazi moja pamoja kwa muda mrefu. Baada ya ribiti kama ishirini, nyundo ilinyamaza.

"Mama," sauti ilitoka juu, "kuna jambo sijakueleza."

Jambo lenyewe lilikuwa deni. Alipopunguzwa kazi hakuwaambia ndugu zake Ukerewe. Aliendelea kutuma ada ya watoto wa marehemu kaka yake kama zamani, akitumia kadi ya mkopo, na deni lilikuwa limefika dola 4,600.

Aliyelala chini hakujibu upesi. Hakuwa na mdomo wa kumlaumu mtu. Kwa miezi sita alikuwa akiweka dola 100 za kila mshahara katika akaunti ambayo mwenzake hakuijua. Alijiambia ni akiba ya dharura. Ukweli ni kwamba dharura aliyokuwa akiiogopa ni siku ambayo ndoa ingevunjika. Naye akasema.

Tuliyasema hayo yote mmoja akiwa juu na mwingine chini, bati katikati yetu, bila kuonana nyuso. Labda ndiyo sababu tuliweza. Hatukukumbatiana kama katika filamu. Tulimaliza ribiti za upande ule kwa kuwa giza lilikuwa linaingia, tukanawa mikono, tukafungua daftari moja na kuandika kila kitu: deni, akiba, mishahara miwili, na majina ya watu wanaopaswa kuambiwa. Kesho yake baba alipiga simu Ukerewe. Mama yake alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mbona hukusema? Wawili wangeweza kukaa kwa shangazi yao na kusoma karibu." Mwaka mzima wa kukosa usingizi, na jibu lilikuwa pale.

Mwezi wa Mei kijana ndiye aliyetusaidia. Nyuma ya mashua, pale injini inapofungwa, kuna ubao wa plaiwudi uliofichwa chini ya bati. Kwa nje ulionekana mzima. Kijana alichomeka bisibisi, nayo ikazama kama kisu katika papai lililoiva. Baba alisema tuuache hadi mwakani, msimu unakwenda. Kijana, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akitujibu kwa mabega tu, alisema, "Baba, mimi sipandi tena kama siku ile."

Baba aliweka chini funguo zake. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Umesema kweli, mwanangu. Nisamehe." Tukang'oa ubao wote.

Muuza mbao alituonya tusitumie mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, kwa kuwa dawa nyingi za siku hizi zina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini huliwa. Ndiyo sababu pia rangi zenye shaba, zinazopakwa chini ya mashua nyingine ili zisiote majani, hazifai kwa hizi. Tulikata plaiwudi mpya mbili, tukazigandisha pamoja, tukazipaka epoksi mara tatu, hasa kwenye kingo na ndani ya kila tundu la bolti, maana maji huanzia hapo. Chini ya viti tulitoa povu la kuelea lililokuwa limenyonya maji kwa miaka. Kipande cha ukubwa wa mto kilihitaji mikono miwili kukiinua. Tuliweka jipya lisilonyonya. Kazi yake ni kuizuia mashua isizame kabisa hata ikijaa maji.

Tulijaza maji ndani mara ya pili. Binti alilala chini na kalamu yake, akasubiri, akatoka amechukia: hakupata pa kuchora.

Jumamosi ya pili ya Juni 2024 tuliishusha ziwani. Sheria ya jimbo hili inataka mtoto wa chini ya miaka 10 avae jaketi la kujiokolea mashua inapokwenda. Sisi tulivaa wote wanne, na baba ndiye aliyekagua kamba za kila mmoja. Mama alipanda wa mwisho. Magoti yalitetemeka, na hatuoni aibu kuyaandika. Baada ya saa mbili tulikuwa na samaki watatu wadogo na maji kama nusu kikombe katika kona ya nyuma. Tunaijua ribiti inayovuja. Tutaigonga.

Akina mama wenzetu, hatusemi kwamba mashua hutibu ndoa. Deni letu lilikuwa bado halijaisha tulipomaliza mashua, na tulilipunguza kwa dola 200 kila mwezi. Zamu za usiku bado zipo, na vikaratasi vya friji havijatoweka. Lakini tumejifunza kwamba wapo waume, na wapo wake pia, ambao hawawezi kusema jambo zito wakikalishwa mezani na kutazamwa usoni. Wape kazi ya mikono ambayo mtu mmoja hawezi kuifanya: kuezeka banda la kuku, kuvuta waya wa uzio, kupaka chokaa ukuta mrefu. Fanya nao wewe mwenyewe, usiwe mpeleka chai tu. Neno linaweza kuja baada ya msumari wa ishirini.

Na likija, kumbuka kidonda. Usikimbilie kukifunga. Kisafishe kwanza, hata kama kinauma, na uangalie pia mkono wako mwenyewe una nini.